Kwa Treni hadi Mpika: Kumtembelea Mwenzangu wa Beijing

Mwaka 1972 serikali za Tanzania na Zambia zilipeleka vijana wapatao 200 mjini Beijing kusomea kazi za reli katika Chuo Kikuu cha Jiaotong cha Kaskazini, ambacho siku hizi kinaitwa Chuo Kikuu cha Beijing Jiaotong. Reli yenyewe, ya kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, ilikuwa ingali inajengwa, na sisi ndio tuliokuwa tunaandaliwa kuiendesha baada ya Wachina kuikabidhi. Nilipangiwa chumba kimoja na kijana wa Kizambia, mrefu na mkimya, ambaye nilimjua kwa namna ambayo watu hujuana wakiwa wote wageni. Nilijua anavyokoroma, nilijua hapendi kabichi, nilijua ni mwepesi wa hesabu kuliko sisi sote, lakini sikuwahi kumwona akiwa na mama yake, wala akigombana na jirani, wala akisalimiwa na mtoto. Tulihitimu mwaka 1975. Mimi nikapelekwa Dar es Salaam kwenye kazi za ishara na mawasiliano, yeye akapelekwa Mpika, kaskazini mwa Zambia, kwenye karakana. Tuliandikiana, tukaonana mara chache kazini, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 nikaacha reli na kwenda kufundisha ufundi. Barua zikapungua, na hatimaye zikakoma.

Aliyetuunganisha tena ni mpwa wangu, dereva wa malori ya mizigo ya Lubumbashi, ambaye usiku mmoja alilala Mpika kama madereva wengi wanavyolala. Kwenye duka la kando ya barabara akakutana na mzee aliyemsemesha Kiswahili. Mzee huyo alikuwa na mazoea ya kuwauliza madereva wa Kitanzania kama wanamfahamu mwalimu fulani aliyesoma China, kana kwamba Tanzania yote ni kijiji kimoja. Wengi walicheka na kuondoka. Mpwa wangu aliposikia jina akajibu kwamba huyo ni mjomba wake, na akarudi na namba ya simu iliyoandikwa kwenye kipande cha boksi la biskuti. Tulizungumza kwa simu kwa muda wa miezi kadhaa, na mwezi Juni 2019 nikakata tiketi.

Ijumaa

Watoto walitaka nipande ndege hadi Lusaka, na hoja zao zilikuwa za maana, kwa sababu magoti yangu si ya kulala kwenye behewa. Niliwaambia kwamba kwenda kumwona mtu huyu kwa ndege ingekuwa sawa na kumtania. Nilichukua daraja la kwanza, chumba cha vitanda vinne. Wenzangu walikuwa mfanyabiashara wa Tunduma, kijana wa Kizambia aliyekuwa akirudi chuoni Kitwe, na mzee mmoja aliyeshuka usiku Ifakara bila kusema neno lolote zaidi ya shikamoo aliyonipa na kunishangaza, maana nilidhani yeye ndiye mkubwa.

Mzigo wangu ulikuwa mchele wa Kyela, korosho, doti mbili za khanga kwa ajili ya shemeji, na pakiti ya chai ya yasmini niliyoinunua Kariakoo kwa Mchina mmoja anayeuza vyombo. Chai hiyo ndiyo tuliyokuwa tukinywa bwenini katika vikombe vya bati vilivyopakwa enameli nyeupe, tukiongeza maji ya moto juu ya majani yaleyale hadi yakose rangi. Muuzaji alipoona nimemwomba kwa Kichina aliitikia kwa maneno mengi ya haraka, nami nikabaki nikitabasamu. Kichina changu kimebaki cha kununulia vitu.

Jioni tulipita katika Pori la Selous. Abiria walisimama ujiani wakitafuta twiga, nami nilibaki nikitazama nguzo za simu kando ya njia, nikikumbuka zile ambazo niliwahi kuzipanda mwenyewe nikiwa kijana mwenye miguu ya kupandia.

Jumamosi

Kutoka Mlimba hadi Makambako reli inapanda milima, na hapo ndipo yalipo mengi ya mahandaki 22 ya njia nzima, pamoja na madaraja ambayo ukichungulia dirishani huoni kitu kinachokushikilia. Sehemu kubwa ya mlima tuliipita usiku, na kila tulipoingia handakini mlio wa magurudumu ulibadilika, ukawa mzito na wa karibu. Alfajiri ilitukuta tunakaribia Makambako, baridi imepenya kwenye fremu za madirisha, na akina mama wamekwisha kupanga ndoo za viazi kandokando ya njia.

Mlima huo ulinikumbusha siku ambayo walimu walitupeleka Qinglongqiao, karibu na Ukuta Mkuu, kuitazama kazi ya mhandisi Zhan Tianyou. Reli ya Beijing hadi Zhangjiakou, iliyokamilika mwaka 1909, ndiyo ya kwanza kubuniwa na kujengwa na Wachina wenyewe, na pale ambapo mlima ulikuwa mkali mno yeye aliipinda njia katika umbo la herufi ya V, treni inaingia kwa mbele na kutoka kwa nyuma, vichwa viwili vikisaidiana. Mwenzangu alikaa chini kwenye mawe ya njia na kuanza kukokotoa mwinuko kwa kalamu ya risasi kwenye kiganja chake, kwa kuwa daftari alikuwa amelisahau kwenye basi. Mwalimu aliyaona mahesabu yale kiganjani, akayasoma hadi mwisho, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Sikumbuki kama siku hiyo mwenzangu alisema hata sentensi mbili.

Baada ya Makambako mambo ni mepesi: nyanda za juu, mashamba, na kituo cha Uyole, ambapo reli hufikia kimo chake cha juu kabisa, karibu mita 1,789 kutoka usawa wa bahari. Mbeya niliteremka kidogo kunyoosha miguu. Mpakani, maofisa wa uhamiaji wa Tanzania walipanda Tunduma na wa Zambia wakapanda Nakonde, wakapita chumba hadi chumba wakigonga mihuri na kuuliza kadi za chanjo ya homa ya manjano, huku nyuma yao wakifuata vijana wenye mabunda ya kwacha. Mfanyabiashara wa Tunduma alikuwa amekwisha kunionya nihesabu noti mbele ya kijana na nisimrudishie mkononi kwa sababu yoyote ile. Nilirudisha saa yangu nyuma kwa saa moja, nikajilaza bila kulala.

Jumapili

Tulifika Mpika kabla ya mapambazuko. Wakati tukiwa na umri wa miaka 20 na ushei nilikuwa nikimtambua kwa urefu, na kwa hiyo pale jukwaani nilitafuta mtu mrefu. Hakuwepo. Alikuwepo mzee wa kimo cha wastani, amevaa koti zito na kofia ya sufu, ana tochi mkononi, anamulika namba za mabehewa moja baada ya jingine kama mkaguzi. Alivyokuwa akiegemea upande wa kushoto kila anaposimama ndiko kulikomtaja. Aliponiona aliita, “Lao tongxue!” kwa sauti kubwa iliyowafanya wapakiaji wageuke, maneno ambayo Wachina humwita mtu waliyesoma naye zamani. Mimi nilikuwa nimeandaa salamu ya Kiingereza yenye heshima zake, na badala yake nikasema, “Bwana wee, umepungua!” Alielewa. Amekaa na Watanzania kazini kwa zaidi ya miaka 30, na Kiswahili chake, ingawa ngeli zimemkimbia, kinatosha kumwagia mtu maneno.

Nyumba yake iko nje kidogo ya mji, ya matofali ya kuchoma, na ua wenye miti ya maembe. Mpika uko katika Jimbo la Muchinga, kwenye uwanda wa juu, na Juni ni mwezi wa baridi, kwa hiyo tulikaa jikoni kwenye mkaa hadi jua lilipopanda. Shemeji alinipokea kwa kupiga magoti na kupiga makofi taratibu kwa viganja vilivyokunjwa, akisema “Mwaiseni mukwai,” yaani karibu kwa heshima, na wajukuu wakafuata mmoja mmoja kwa namna hiyohiyo. Nilijaribu kumwinua shemeji, mwenzangu akanizuia: kumwinua mtu anayekusalimu ni kuikataa salamu yake.

Tangu asubuhi hadi jioni watu hawakukatika pale uani. Wengine walitoka kanisani, wengine walikuja na kesi ya mbuzi aliyekula mihogo ya mtu, na vijana wawili walitaka ushauri juu ya pampu ya maji. Mwenzangu alikaa kwenye kiti cha mbao chini ya mwembe na kuwahudumia wote, na hapo ndipo nilipoanza kushangaa. Mtu yule alikuwa akizungumza bila kituo. Alitania, alikaripia, aliiga sauti za watu wasiokuwepo, akasimulia hadithi ambayo sikuielewa hata neno, lakini iliyowafanya wazee watatu washike mbavu. Nilimtazama kwa muda mrefu nikijiuliza ni nani yule niliyelala naye chumba kimoja. Shemeji alinitafsiria vipande vipande, na nilipomwambia kwamba Beijing mumewe alikuwa hasemi, alidhani nimemchanganya na mtu mwingine.

Jumatatu

Tulikwenda shambani kwake. Ndugu zake bado wanalima ulezi kwa namna ya Wabemba ya citemene: hukata matawi ya miti, huyarundika katikati, huyachoma mvua zinapokaribia, kisha hupanda kwenye majivu. Yeye mwenyewe ameacha, analima mahindi na maharage, kwa sababu citemene inahitaji msitu mpana na vijana wa kupanda juu ya miti, na yote mawili yamepungua. Kuku wake hupimiwa ulezi kwa kikombe cha bati cheupe kilichobabuka enameli, nami nikakitambua mara moja. Nilimuuliza kwa nini hakukitunza. Alijibu kwamba amekitunza, ndiyo maana kingali kinafanya kazi.

Njiani nilimuuliza waziwazi kuhusu ukimya wake wa zamani. Alitembea hatua kadhaa kabla ya kujibu. Alisema kwamba Kichina alikijua, na Kiingereza alikijua, lakini mzaha wake wote ulikuwa katika Kibemba, na pale bwenini Wazambia wenzake waliolala karibu naye walitoka magharibi na kusini, hawakuwa na Kibemba cha kutaniana. Kusema bila kutania aliona ni kama kula ubwali, yaani ugali, bila mboga, akaamua anyamaze. Sisi wengine tulidhani ni mwanafalsafa.

Jioni ndipo lilipotokea jambo ambalo litasimuliwa katika nyumba ile kuliko safari yangu yote. Shemeji alikuwa amepika ubwali wa ulezi, ule mweusi mzito, pamoja na dagaa wa kapenta na majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga, ambayo wao huyaita ifisashi. Katika mazungumzo akaniuliza, kwa adabu, mimi ni wa kabila gani huko Tanzania. Nikamjibu kwamba mimi ni Mngoni wa Songea.

Kimya kilipita kama cha pumzi moja. Kisha shemeji akaweka bakuli chini, akapiga kelele, akakimbilia mlangoni kuwaita majirani. Mwenzangu aliinuka, akanizunguka kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani, akasema kwa Kiswahili ili nisikose hata neno: “Miaka mitatu nimelala na Mngoni chumba kimoja, na panya hawakuwahi kuisha!”

Msomaji wa Kitanzania hahitaji kuelezwa utani ni nini, ila huenda hajui kwamba huu wa kwetu unavuka mpaka. Zwangendaba aliyewaongoza Wangoni kutoka kusini alifariki Ufipa katika miaka ya 1840, na baada yake watu wakagawanyika: wengine wakaja hadi Songea, na wengine, chini ya Mpezeni, wakaishia mashariki mwa Zambia ya leo, upande wa Chipata. Hao wa Mpezeni walipigana na Wabemba, na vita vile vimeacha utani mkali, kama vita vyetu na Wahehe vilivyotuachia utani na Wahehe. Mbemba humwambia Mngoni kwamba anakula panya; Mngoni humwambia Mbemba kwamba anakula nyani. Mimi nilijitetea kwamba Wangoni wa Songea ni wengine, kwamba panya hatuwajui, na kwamba karne moja na nusu imepita. Hakuna aliyesikiliza. Jirani mmoja aliivua kofia yangu kichwani na kuondoka nayo, akisema ni fidia ya ng'ombe wa babu yake.

Kwa nini hatukujuana jambo dogo kama hili Beijing? Tulilizungumza hadi usiku sana. Yeye alikuwa Mzambia na mimi Mtanzania. Ndivyo tulivyoandikwa kwenye orodha, ndivyo tulivyoimbishwa, na kuulizana kabila kungeonekana ushamba, au hata jambo baya zaidi. Nyumbani Mwalimu alikuwa akitufundisha hivyo, na Kaunda akiwaambia watu wake kuwa Zambia ni moja na taifa ni moja, na sisi tuliamini kwa dhati. Bado naamini. Lakini nilipomwona mwenzangu akifuta machozi ya kicheko, nilihesabu ni jioni ngapi za baridi tungeweza kucheka vile, na tukakaa tukiandika barua kila mmoja kitandani kwake.

Jumanne

Asubuhi alitoa picha. Zilikuwa kwenye bahasha ya khaki ya ofisi, na alizipanga mezani kwa mpangilio wa miaka. Katika moja tumesimama theluji ikiwa imefika kwenye vifundo vya miguu, tumevaa makoti ya pamba yaliyojazwa hadi mikono haishuki sawasawa ubavuni. Katika nyingine kuna marundo ya kabichi za Kichina zilizopangwa kandokando ya ukuta mwezi Novemba, akiba ya Beijing nzima kwa majira ya baridi, na mwenzangu amesimama mbele yake na uso wa mtu aliyehukumiwa. Tulitaja majina ya waliomo. Wengi wamekwisha kufariki, na kwa baadhi yao yeye alikuwa na habari ambayo mimi sikuwa nayo, kwa wengine mimi ndiye niliyemweleza.

Kumbukumbu zetu hazikulingana. Mimi nilishikilia kwamba Rais Kaunda alipofika Beijing mwezi Februari 1974 na Mwalimu Nyerere alipofuata mwezi Machi, tulisimama kwenye mapokezi yote mawili pamoja. Yeye alisema kwamba siku ya Mwalimu nilikuwa kitandani na homa, na kwamba yeye ndiye aliyekwenda na bendera ndogo ya Tanzania niliyokuwa nimepewa mimi, akaipunga kwa niaba yangu. Sina picha ya kumpinga. Shemeji alisema atamwamini mumewe kwa kuwa Mngoni hawezi kuaminika.

Mchana tulitembea hadi karibu na karakana. Hatukuingia, tulisimama nje ya uzio, wazee wawili waliostaafu, tukisikiliza. Alitambua kwa mlio tu ni mashine gani iliyokuwa ikizunguka. Tulizungumza juu ya mambo ambayo kila mfanyakazi wa zamani wa reli hii huyazungumza: kwamba iliwekwa njia ya kilomita 1,860 na kukabidhiwa Julai 1976, kwamba China ilitoa mkopo usio na riba wa yuani milioni 988, kwamba Wachina zaidi ya 60 walipoteza maisha katika kazi ile, na kwamba mizigo inayopita leo ni kidogo mno ukilinganisha na tani milioni mbili kwa mwaka zilizokusudiwa. Yeye ana maoni makali kuliko yangu. Anaona kosa lilianza pale shaba ya Zambia iliporudishiwa njia ya kusini baada ya Zimbabwe kupata uhuru mwaka 1980, na watu wakasahau kwa nini reli ilijengwa. Mimi naona ukarabati ulicheleweshwa mno. Tulibishana kwa Kichina kwa dakika chache, kwa sababu istilahi za reli tulizifahamu kwanza kwa Kichina, na hapo nilishindwa vibaya. Amefanya kazi na mafundi wa Kichina hadi alipostaafu, na Kichina chake kimekomaa, cha mtu mzima anayejua kuzungusha maneno, ilhali changu kimesimama mwaka 1975.

Jumatano

Tulipumzika. Chai ya yasmini ilinywewa yote na wageni, na mmoja wao akaomba sukari vijiko vinne.

Alhamisi

Sokoni Mpika nilijifunza kwamba habari ya Mngoni ilikuwa imetangulia. Mwanamke mmoja anayeuza ifishimu, viwavi waliokaushwa ambao wilaya hii inasifika kwao, alinipimia bakuli moja, akamwaga nusu yake kwenye mfuko wangu na nusu akairudisha, akisema Wangoni hulipa kamili na kupewa nusu. Nilimwambia mwenzangu anisaidie. Alisimama kando, mikono nyuma, akifurahia. Nililipa. Viwavi wenyewe nilivila jioni vikiwa vimekaangwa na nyanya na kitunguu, na vina ladha ya kitu kilichokaushwa vizuri juani, zaidi ya hapo sina la kulaumu.

Kijana aliyechukua kofia yangu aliirudisha usiku, ikiwa imefuliwa, pamoja na kuku.

Ijumaa

Sikutaka kusubiri treni ya kurudi, kwa hiyo tulipanda basi la kwenda Nakonde, mwenzangu akisisitiza kunisindikiza hadi mpakani kwa kisingizio cha binamu yake anayeishi huko. Ni mwendo wa siku nzima kwa Barabara Kuu ya Kaskazini, kupitia njia panda ya Chinsali na Isoka, na katika basi hilo alikuwa mtu yuleyule wa chini ya mwembe: alimjua kondakta, alimjua mama aliyebeba jogoo, na abiria asiyemjua alimuuliza ukoo hadi akampata. Mimi nilikaa dirishani nikijibu ninapoulizwa. Ilikuwa zamu yangu ya kuwa mkimya.

Tulilala Nakonde kwa huyo binamu, ambaye kumbe yupo kweli.

Jumamosi

Alivuka nami hadi Tunduma, na tukaingia kwenye hoteli ndogo karibu na maegesho ya malori kula chakula cha mchana. Niliagiza wali, maharage, samaki na mchicha. Maharage yalikuja yamepoa. Nikamwita dada aliyetuhudumia, nikamwambia maneno, naye akanijibu maneno, nikamuuliza kama kwao humpa mgeni wa nchi nyingine chakula cha jana, akaniambia mzee usiniharibie siku, nikamwambia siku yake nitaitengeneza nikimwita mwenye hoteli, akacheka, nami nikacheka, na maharage yakaondoka na kurudi yakifuka moshi pamoja na parachichi ambalo hatukuliagiza. Mpiga viatu rangi aliyekuwa mlangoni akaingilia kati na bei yake, nikamkatalia mara tatu hadi akashuka nusu. Mtu wa tiketi za basi la Mbeya akanifuata mezani, nikamrudisha alikotoka kwa sentensi moja.

Mwenzangu alikuwa ameacha kula. Alinitazama kama nilivyomtazama yeye siku ile ya kwanza uani kwake, kisha akaniambia kwa Kiingereza, polepole, kwamba katika Beijing nzima alikuwa akiwaandikia wazazi wake kuwa anaishi na Mtanzania mpole, mtu wa sala, asiyeweza kumjibu hata karani wa posta.

Tuligombania bili. Mimi nilisema yuko kwetu, yeye alisema mimi ni Mngoni na Mngoni hawezi kuachiwa alipe kitu bila kukaguliwa, na tulipoona watu wanatusikiliza tukahamia kwenye Kichina, kila mmoja ameshika ncha yake ya karatasi. Yule dada alikuja, akaichukua bili mikononi mwetu wote wawili, akasema, “Wazee wangu wa Kichina, moja itatosha,” akapokea pesa zangu kwa sababu zilikuwa shilingi. Mwenzangu alidai hiyo ni hila ya benki kuu. Alisema atakuja Dar es Salaam Desemba ya mwaka huo kulipiza, nami nikamwambia aje na shemeji, maana mke wangu ni Mhehe, na yeye pia ana madai yake kwa Wangoni ambayo yangepata nguvu kwa kuungwa mkono kutoka nje.